Mama Lazaro

Kabla Selina hajamwita mama yake Mama Lazaro redioni, wasikilizaji walikuwa wamekwisha kugombana vya kutosha kuhusu nani hasa ndiye mtu mbaya. Hadithi yenyewe ilikuwa riwaya ya zamani ya Wazungu, ya jumba la mawe juu ya kilima chenye ukungu, ambamo usiku ilisikika sauti ya mtu na mchana hakuna aliyeuliza. Selina aliikuta kwenye rafu ya chuo alipokuwa anasomea stashahada ya uandishi wa habari Dodoma. Aliitafsiri mwenyewe, na sasa aliisoma kila Jumamosi alasiri katika redio ndogo ya jamii pale Utemini, mjini.

Ndani ya jumba hilo aliishi bwana mkali aliyependa mbwa kuliko watu. Mdogo wake, aliyezaliwa na uso uliopinda, alikuwa amefungiwa ghorofani tangu utotoni, na kijiji kizima kilimwita zimwi. Alikuwapo mwanamke mpole mwenye funguo, aliyempelekea chakula. Na alikuwapo binti mtumishi, ambaye ndiye aliyesimulia yote. Mwishoni zimwi linapata upenyo, linatoka, linatembea kwenye theluji bila kumdhuru mtu, kisha linarudi lenyewe na kugonga mlango. Mlango umefungwa kwa ndani. Asubuhi wanamkuta mtu amekufa kizingitini.

Sehemu ya kwanza ilipokwisha, simu ziliingia nyingi, lakini hazikuwa za sifa. Mkulima mmoja wa Ihanja alitaka kujua kwa nini mtu aliyewekwa ghorofani, penye dirisha, hakupiga kelele akasikika. Mwingine aliuliza kama theluji inaharibu alizeti. Selina akaona anawapoteza watu, akabadilisha. Ghorofa likawa chumba cha ndani cha tembe, kile kisicho na dirisha, ambacho zamani kililaza ndama. Theluji ikawa mvua ya mawe. Na zile funguo, ambazo katika kitabu zilining'inia kiunoni kwa mnyororo, akazifunga kwenye pindo la kanga. Rukaiya, fundi mitambo wa redio, alimwuliza hayo kayatoa wapi. Selina akajibu kwamba wanawake wote hufunga funguo kwenye pindo la kanga. Rukaiya akakubali, ila akasema wengi wao wanafungia kabati la vyombo.

Huko kijijini Mungaa, mama yake Selina alikuwa hakosi kipindi hata kimoja. Eliza alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, mwanamke mrefu, msafi, asiyepaza sauti, na jambo la binti yake kusikika redioni lilimpa mwendo mwingine wa kutembea. Jumamosi alasiri aliitoa redio nje, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, karibu kabisa na ukuta wa tembe la zamani lililobaki nyuma ya nyumba ya bati. Waliopita njiani walidhani anakimbia jua. Mumewe, Zefania, alijua anaiweka pale kwa ajili ya nani, na hakusema kitu. Kutosema kitu ndiyo ilikuwa kazi yake kubwa katika nyumba ile.

*

Jumamosi ya mwisho Selina aliwauliza wasikilizaji swali moja tu: katika hadithi hii, mbaya ni nani?

Yule mkulima wa Ihanja alisema ni bwana mwenye jumba, kwa sababu mtu anayelisha mbwa nyama na ndugu yake maganda hana haja ya kujadiliwa. Kijana mmoja wa mjini alimpinga. Alisema zimwi ni zimwi, hata likikaa kimya linawaza, na yeye binafsi angeongeza kufuli la pili. Mama mmoja aliwalaumu mbwa. Rukaiya alicheka mpaka akalazimika kuzima kipaza sauti chake.

Ndipo ikaingia sauti ambayo Selina aliifahamu kabla haijajitambulisha.

"Naitwa Mama Benjamini, napiga kutoka Mungaa. Nawasalimu wasikilizaji wote, na akina mama wa kanisa letu."

Aliongea taratibu, kama anayesoma somo siku ya Jumapili. Alisema yule mwanamke mwenye funguo ameonewa katika kipindi hiki. Mwaka baada ya mwaka ndiye aliyepeleka chakula, ndiye aliyemwosha yule mtu na kumbadilishia matandiko. Bwana hakufanya hivyo, kijiji hakikufanya hivyo. Kama katika jumba lile mlikuwa na mtu mmoja mwenye moyo, basi alikuwa ni huyo, na anashangaa vijana hawalioni.

Ilikuwa simu ya kushukuriwa na kuachwa ipite. Rukaiya alikwisha kuinua kidole kuonyesha kwamba mpigaji mwingine yuko tayari.

"Mbaya wa hadithi hii ni huyo huyo," Selina akasema. "Bwana angechoka. Kijiji kingesahau. Lakini mlango ulifungwa na mtu mwenye huruma, na ndiyo sababu haukufunguliwa. Asante kwa kupiga, Mama Lazaro."

Simu ikakatika.

*

Mwanamke akizaa, huitwa kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na jina hilo hulichukua mpaka kaburini. Eliza aliitwa Mama Lazaro zaidi ya miaka ishirini. Lazaro alikuwa kijana mrefu kama yeye, mwepesi wa kucheka, mpiga ngoma wa kwaya, na alikuwa na kifafa. Siku moja, kwenye matanga ya jirani, alianguka na uso wake ukaingia kwenye mafiga. Wanawake wengi walikuwa pale wakipika. Kila mmoja wao alijua, kama wanavyojua wengi, kwamba anayemgusa mgonjwa wa kifafa akiwa chini huondoka na ugonjwa. Wakapiga kelele, wakarudi nyuma. Eliza alikuwa kisimani. Aliitupa ndoo njiani, akaja mbio, akamtoa motoni kwa mikono yake.

Lazaro alipona vidonda, akarudi nyumbani na uso ambao watoto waliukimbia. Kwa muda alikunywa dawa, na dawa zilimsaidia. Lakini kila alipopelekwa kliniki alionekana, na kila alipoonekana mtu fulani alihama benchi. Eliza akaacha kumpeleka. Akasafisha chumba cha ndani cha tembe, akapaka udongo mweupe, akaweka kitanda na godoro jipya, akanunua kufuli. Kisha akaacha kuitika akiitwa Mama Lazaro, kanisani kwanza, baadaye kwenye mashine ya kusaga, baadaye kila mahali. Watu hawakuona taabu kumwita Mama Benjamini, kwa jina la mtoto wake wa pili. Wao nao walikuwa na hamu ya kusahau siku ile ya matanga.

Kwa hiyo barua ya posa ya Benjamini ilipokwenda Iguguno, kwa wazazi wa binti aitwaye Faith, ilisema familia ina watoto wawili. Wakwe walikuja, wakala kuku, wakasifu nyumba. Lazaro siku hiyo alikaa kimya kama alivyoombwa.

Na wakwe nao walikuwa na redio. Kilichowafikia Iguguno Jumamosi ile hakikuwa mjadala wa jumba la Wazungu. Mama yake Faith aliuliza swali moja: "Lazaro ni nani?"

*

Kesho yake, watu walipotoka kanisani, mshenga alikuwa amekwisha kufika. Mzee Sixbert alikuwa mtu wa Ihanja, mwenye suti ya kijivu aliyoivaa kwenye posa na kwenye misiba bila tofauti. Alipewa kiti chenye mto, akakaa uani, kati ya nyumba ya bati na tembe, na kikombe cha chai mkononi. Benjamini alisimama kwa sababu hakuweza kukaa.

Selina aliteremka basini, akapita katikati ya watu waliomwangalia zaidi kuliko walivyomsalimu. Alipofika uani alimwamkia baba yake, akaitikiwa. Akamwamkia Mzee Sixbert, akaitikiwa. Akapiga goti mbele ya mama yake aliyekuwa akichambua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, mama."

Eliza akatoa chuya, akaitupa kwa kuku. Akatafuta nyingine. Selina alibaki na goti chini mpaka Mzee Sixbert akakohoa kwa aibu, ndipo akainuka. Hakuna aliyemletea kiti. Akakaa kwenye kinu.

Mzee Sixbert alieleza jambo lake vizuri, kwa maana ndiyo kazi iliyomleta. Wakwe hawana makuu. Binti anampenda Benjamini, na mama wa binti ni mtu wa Mungu. Lakini watu wa Iguguno wamesikia, na ugonjwa ule unaogopwa kwa kuwa husemwa uko kwenye damu. Wakwe hawaombi kuonyeshwa vyumba. Wanaomba Jumamosi ijayo Selina aseme redioni kwamba alichanganya wapigaji, kwamba hakuna Lazaro yeyote, na amwombe mama yake radhi ili watu wote wasikie. Hayo yakisemwa, siku ya ndoa inabaki pale pale.

"Wanajua si kweli," Selina akasema.

"Wanajua, mwanangu. Wanataka kitu cha kushika mkononi wakiulizwa na majirani. Wewe msomi, maneno si yako? Chukua mawili umpe mama yako."

Benjamini alisema dada yake hana mchumba na hivyo hajui anachokivunja. Alisema yeye amemlisha Lazaro kila mama alipokwenda kwenye semina za kanisa, na hakuna redio iliyomtangaza. Akasema pia kwamba watu wanaojua kusoma vitabu vya Wazungu wangeanza kwa kusoma sura za watu wa nyumbani kwao. Kisha akageukia ukuta.

Zefania aliulizwa. Akasema yeye tangu mwanzo alishauri kijana apelekwe hospitali.

"Ulishauri," Eliza akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza. Kisha akaweka ungo chini na kumgeukia binti yake, na kwa muda akaongea Kinyaturu, haraka, kabla ya kukumbuka mgeni na kurudi kwenye Kiswahili.

"Wale wanawake wote walikuwepo. Walikuwa karibu naye kuliko mimi hapa na wewe. Walishika miko mikononi, hata mwiko hawakumnyooshea. Mimi ndiye niliyemgusa. Wewe ulipoletewa habari Dodoma ulilia kwenye simu, halafu ukafanya mtihani. Nikamwosha usaha. Nikawasikia watu wanachagua benchi. Nikasema, basi, kama hamumtaki, hamtamwona. Nimemficha asiwaone ninyi, si ninyi msimwone. Leo mimi ndiye mbaya. Mkoa mzima umeambiwa mimi ndiye mbaya, na aliyeambia ni mtoto niliyemzaa."

Kuku walikuwa wameufikia ungo. Ndipo sauti ikatoka ukutani, nzito kidogo, kama ya mtu asiyeitumia mara kwa mara.

"Mama siye."

Mzee Sixbert akakiangalia kikombe chake.

"Na bwana siye," Lazaro akasema kutoka ndani. "Mimi nimesikiliza yote, toka ya kwanza. Mbaya ni yule binti mtumishi. Alisikia sauti. Alijua mlango uko wapi. Akangoja mpaka hadithi iishe."

Selina alikaa juu ya kinu kile kile ambacho redio iliwekwa kila Jumamosi. Alitazama mikono yake. Alikuwa na majibu mengi kuhusu hadithi ile. Aliyaandaa kwa wiki kadhaa, na hili halikuwamo. Akainuka, akasimama mbele ya mama yake na kufungua kiganja.

"Naomba ufunguo."

"Sikupi."

"Mama, naomba ufunguo."

Eliza alimtazama mumewe, na mumewe akatazama kiatu chake. Akamtazama Benjamini, ambaye alikuwa bado anauangalia ukuta. Basi akalivuta pindo la kanga, fundo likamshinda kwa vidole, akalifungua kwa meno. Ufunguo akautupa kwenye ungo, katikati ya mchele.

"Mchukue. Mwoshe wewe. Akianguka barabarani, wewe ndiye utakayemgusa."

Lazaro alitoka ameinama, kwa sababu ya mlango, na alipokwisha kuupita hakuinuka mara moja. Alifumba macho kwa ajili ya jua. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umevutwa na moto, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeshikamana. Alivaa kaptura safi na fulana safi. Alipofumbua macho, mtu wa kwanza kumwona alikuwa mgeni, na adabu aliyofundishwa haikuwa imepotea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," Mzee Sixbert akasema, na huku akisema alikuwa anavuta kiti nyuma. Mguu wa kiti ulikwama kwenye jiwe, chai ikamwagikia suti. Alijifanya anahangaika na suti.

Lazaro aliliona lile. Alimgeukia mama yake.

"Mama, shati langu la kanisani liko wapi?"

Eliza aliingia nyumbani. Alikawia kidogo, kisha akarudi na shati jeupe mikononi. Lilikuwa limepigwa pasi. Miaka yote ile lilikuwa linafuliwa na kupigwa pasi pamoja na mengine. Alimvalisha, akaanza kufunga vifungo, akafika cha katikati, akamwachia Selina amalizie.

*

Selina alikuwa amepanga chumba kimoja Utemini. Alimpa Lazaro kitanda, yeye akatandika mkeka. Kliniki waliwapokea bila maneno mengi. Muuguzi aliuliza maswali, akaandika, akawapa dawa na kusema zinywewe kila siku bila kuruka, kisha akaita mwingine. Lazaro alitoka nje akiwa na mfuko wa karatasi na sura ya mtu aliyedhani kutakuwa na jambo kubwa zaidi.

Mwenye nyumba, mama mmoja mkarimu wa maneno, alikuja kumwona mgeni. Alisimama mlangoni. Alileta kikombe cha plastiki, akasema hicho ni cha mgeni na hakina haja ya kurudishwa. Lazaro alimshukuru. Baadaye alikitumia kupandia mche wa pilipili aliouokota karibu na bomba.

Siku moja alianguka pale chumbani, ghafla, kati ya kitanda na mlango. Wapangaji walikuja mbio, wakafika kizingitini, wakasimama. Selina alikuwa amesoma la kufanya, lakini mikono yake ilikataa kwa muda ambao baadaye hakupenda kuukumbuka. Kisha ikakubali. Alisogeza stuli, akamlaza ubavu, akaweka kanga chini ya kichwa chake, akakaa naye hadi pumzi ikatulia. Alipoinua macho, mlango ulikuwa mtupu.

Benjamini alimwandikia ujumbe mfupi: wakwe watasikiliza. Hakuandika salamu wala jina. Selina aliusoma mara kadhaa. Alimpenda kaka yake, na alijua Faith ni binti mzuri. Binti huyo aliwahi kumshonea Selina gauni.

*

Jumamosi ilipofika, Rukaiya alimpokea mlangoni mwa studio. Alikuwa amefikiri. Alisema wanaweza kusema kulikuwa na hitilafu ya mitambo, majina ya wapigaji yakaingiliana, na yeye fundi yuko tayari kubeba lawama. Kila mtu ataokoka, hata mama. Alikuwa anasema kweli, na alikuwa rafiki. Selina akamwambia asante, akaenda kuvaa vipokea sauti.

Huko Mungaa redio ilikuwa juu ya kinu, ingawa nyuma ya ukuta hakukuwa tena na mtu wa kuwekewa. Mzee Sixbert alikuwa kwenye kiti chake, safari hii na shati tu. Benjamini alikaa chini. Majirani kadhaa walikumbuka kwa pamoja kwamba walihitaji kuazima kitu. Huko Iguguno Faith alikuwa amekaa baina ya wazazi wake, na simu ya baba yake ilikuwa mezani.

Selina aliwasalimu wasikilizaji, akawashukuru kwa maoni yao ya wiki iliyopita. Alitaja yule mkulima wa Ihanja, akamtaja yule mama wa mbwa. Akasema amepata jibu jingine, kutoka kwa msikilizaji ambaye hakupiga simu, kwamba mbaya ni yule binti aliyekuwa akisimulia, na kwamba kati ya majibu yote hilo ndilo lililomtoa kwenye kiti. Kabla hajaendelea, taa ya simu ikawaka.

"Naitwa Mama Benjamini. Napiga kutoka Mungaa."

Rukaiya alimtazama Selina kupitia kioo cha studio.

"Shikamoo, mama."

Uani mama yake hakuwa ameiitikia. Lakini shikamoo ya mtoto, mbele ya mkoa mzima, haiachwi chini, na Eliza alikuwa mwenyekiti wa akina mama.

"Marahaba," akasema. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa ile ya nyumbani. "Nimeambiwa una neno la kuniambia. Nakusikiliza. Na wengine wanakusikiliza. Kaka yako yuko hapa, amekaa chini kama mtu aliyefiwa. Sema, mwanangu, yaishe."

Selina aliisogeza midomo yake karibu na kipaza sauti, ili yeyote, wa Mungaa au wa Iguguno, asije akasema hakusikia vizuri.

"Lazaro amekunywa dawa asubuhi, amekula, anamwagilia mche wake. Ameanguka mara moja. Nilimgusa, mama, na mimi ni mzima. Jina lako sikulikosea. Msamaha siombi."